Bibi-Arusi Amepona

Watu wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, waliliita gari la Fabien Bibi-Arusi, kwa sababu halikuenda popote bila kusindikizwa. Lilikuwa gari dogo jekundu, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na likiwa baridi liliwaka bila ubishi. Balaa lilianza likipata joto. Ukilizima hapo, zungusha ufunguo hadi kidole kiote sugu, halisemi neno mpaka watu walisukume.

Ugonjwa huo ulimuudhi Fabien kuliko vita yenyewe, ingawa alijua ndio uliomwachia gari. Magari mengine yote ya mtaa wake yalikwisha kuchukuliwa na wenye bunduki. Lake nalo walilichukua, wakalirudisha siku ileile wakilisukuma na kutukana.

Sasa binti yake Nadège alikuwa na mimba kubwa. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, na daktari wa hospitali ya Nundu alionya kwamba huyu wa pili asizaliwe nyumbani. Njia ya Nundu inapita kwenye barrière ya daraja la Mutambala, kizuizi cha askari, na amri ya pale ni moja: zima moteur, yaani injini, abiria washuke, wavuke kwa miguu. Huko kuzima ndiko kulikomtia Fabien hofu. Je, siku hiyo wakikosekana wa kusukuma?

Alikwenda misheni kuzungumza na shemeji yake Lionel, aliyeishi Bujumbura, ng'ambo ya ziwa, kwa fonie, ile redio ambayo mmoja anasema na foleni nzima inasikiliza.

«Shemeji, iyo maladi ya gari yako inajulikana!» Lionel alisema. «Fabrique, kule banatengeneza gari, ilikosea démarreur, kile chuma cha kuamsha moteur. Gari zote za namna ile banaziita zirudi, babadilishe bure. À toi, sema wewe.»

Fabien alishika kichwa. Miaka yote alidhani ni mkosi wake mwenyewe, kumbe kuna watu wamekaa ofisini wanajua!

«Bure? Basi banitumie iyo démarreur!»

«Hapana. Banasema ulete gari.»

«Lionel, ubaambie huku kuko vita!»

«Banajua. Banasema ulete gari.»

Foleni iliangua kicheko. Fabien alirudi nyumbani akisema peke yake njiani. Alilete kwa kupitia wapi, juu ya maji? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye lami hamjui mwenye barrière.

Lionel alizunguka gereji za Bujumbura hadi akaipata démarreur ya namna mpya, akaituma kwa boti ya wachuuzi ndani ya gunia la chumvi. Safari hii hakupita kwenye fonie. Mchuuzi alileta maneno yake kwa mdomo: ile ya zamani itupwe, mtu mwingine asije akaifunga kwenye gari lake.

Fabien aliifunga mpya nyuma ya jiko, akamwita mkewe, Anastasie.

«Mutu asijue. Bakijua gari imepona, banaibeba.»

«Nitamwambia nani, mi?» Anastasie alijibu, na alisema kwa moyo mweupe.

Uchungu ulimshika Nadège asubuhi. Pale Mutambala Fabien alizima, Anastasie akamshika binti mkono wakavuka polepole. Fabien akazungusha ufunguo nusu tu, akapiga usukani, akalaani. Askari walicheka, wakaweka bunduki begani, wakamsukuma wenyewe. Nundu mtoto alizaliwa mzima, msichana mwenye sauti kubwa. Fabien aliporudi nyumbani aliichukua ile démarreur ya zamani, akaitukana vya kutosha, akaitupa ziwani. Hakuwa amefurahi hivyo tangu vita ianze.

Jumapili, saa ya ushuhuda, Anastasie alisimama. Katika kanisa lao aliyetendewa wema na Mungu huusema wote, maana shukrani ya nusu ni wizi.

«Nashukuru Mungu kwa mujukuu,» alisema huku akilia. «Tena nashukuru kwa gari yetu. Ilikuwa mugonjwa miaka yote. Sasa imepona kabisa, inawaka hata ikiwa ya moto!»

Bamama walipiga vigelegele. Fabien alitamani sakafu ipasuke immeze. Kwenye benchi la mbele komanda wa barrière, kofia magotini, alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine.

Komanda alimngoja Fabien nje.

«Papa Fabien, félicitations, pongezi ya mujukuu. Leta ufunguo.»

«Komanda, ile gari ingali na maladi. Itakusumbua tu.»

Komanda alimtazama Anastasie, aliyekuwa anakumbatiwa mlangoni.

«Mama amesema imepona. Ao mama amedanganya, ndani ya kanisa?»

Anastasie alisikia. Akamtazama mumewe kwa macho ya kuomba, wala Fabien hakujua anaomba aseme ndiyo au hapana. Hasira ilimpanda: hasira ya fabrique, ya ofisi za Bujumbura, ya mdomo wa mke wake, ya Mungu naye anayetaka kushukuriwa kwa sauti. Alitoa ufunguo mfukoni.

Wanakwaya, kwa mazoea yao, walikuwa wameshajipanga nyuma ya gari lililopata joto la jua, viganja juu ya bati. Komanda akazungusha ufunguo mara moja. Bibi-Arusi akaondoka bila kusindikizwa, na wale wakabaki na mikono hewani.