Neno la Anayebaki

Kule Batanes, visiwa vya mwisho kaskazini mwa Ufilipino, watu hawaagani ovyo. Anayeondoka ndiye husema, "Mungu abaki nawe." Anayebaki naye hujibu, "Mungu aende nawe." Ukiyageuza maneno hayo, watoto watakucheka mpaka ukome, na wazee watakutazama kama mtu aliyevaa viatu kombo. Leonarda Gabilo alikuwa na miaka sabini na mmoja na hakuwahi kukosea, maana hakuwahi kuondoka. Siku zote yeye ndiye aliyebaki.

Aliyeondoka ni Norina, mwanawe wa pekee. Mwaka wa kumi na moja sasa alikuwa Taiwan, ng'ambo tu ya mlango wa bahari, akimtunza bibi mmoja wa hukohuko asiyeweza kuinuka kitandani. Kila Jumapili baada ya misa alipiga simu, na kila simu iliisha vilevile: Norina anasema abaki nawe, mama anasema aende nawe. Leonarda aliyang'ang'ania maneno hayo. Mtu anayeaga kama msafiri, alijiambia, bado ana kwao.

Basi mwezi wa nne wakaja askari, wa Manila na wa Marekani kwa pamoja, na gari kubwa la kijani lenye makombora mgongoni. Wakaliegesha kwenye malisho juu ya kijiji, palepale alipozoea kumfunga ng'ombe wake. Wiki haikuisha, manowari za Wachina zikaonekana kule mbali, zimejipanga na wala hazisogei. Ng'ombe akahamishiwa nyuma ya kanisa. Leonarda mwenyewe hakuulizwa chochote.

"Hiyo ni mizani, Dada Narda," alimweleza jirani yake Elpidio, mwalimu mstaafu ambaye redio yake ilikuwa haizimwi. "Hawa wakiweka, na wale wanaweka. Zikilingana, hakuna anayethubutu kuanza. Ndiyo amani ya siku hizi."

"Na hiyo mizani imening'inizwa wapi?"

"Hapa kwetu. Hapa na Taiwan."

"Basi usiniambie habari za amani, Mwalimu. Sahani moja iko juu ya kichwa changu, ya pili juu ya mwanangu." Leonarda aliendelea kufunga mafungu ya vitunguu saumu bila kumtazama. "Na wewe unachekelea kama uliyepandishwa cheo."

Elpidio alicheka, lakini siku hiyo redio aliizima mapema.

Jumapili mama na mwana wakagombana.

"Rudi nyumbani," alisema Leonarda. "Wachina wanaitaka hiyo Taiwan."

"Mama, nyie ndio mmewekewa makombora. Wakianza, wataanza na hapo. Nenda kwa shangazi Manila."

"Manila nikafanye nini, nikauze sura?"

"Na mimi nirudi nikalale chini ya kombora?"

Kila mmoja alimwona mwenzake ndiye aliye motoni. Na wote wawili walisema kweli, hapo ndipo palipouma.

Mwezi wa tano manowari ziliongezeka, na makombora yakaongezwa pia, mizani isije ikalala upande mmoja. Serikali ikatangaza kuwa wafanyakazi walioko Taiwan warudi, ndege zitasimama mwisho wa wiki. Hapo Norina akakubali. Atapitia Manila, kisha Alhamisi asubuhi atashuka Basco, uwanja wa ndege wa hapo visiwani, kwa ile ndege ndogo.

Mbona kijiji kizima kilijua! Leonarda alifagia, akachemsha viazi vikuu, akatoa nyama ya nguruwe aliyoihifadhi kwenye mafuta yake tangu Krismasi. Akamsukia Norina kofia mpya ya mvua, ile ya majani inayoshuka mpaka kiunoni, ingawa vidole vilimuuma. Alikuwa na furaha, hakuificha.

Jumatano simu ikalia. Norina aliuliza habari za ng'ombe, akauliza kama mvua imenyesha, akarudi tena kwa ng'ombe.

"Na bibi wako umemwachia nani?" aliuliza Leonarda.

"Wanawe wameondoka jana, Mama. Wote wawili, wamekwenda Marekani. Wameniachia funguo. Wamesema watatuma mtu."

"Katumwa?"

"Atakuja tu." Norina akakohoa. "Haya, Mama, tutaonana kesho. Mungu aende nawe."

Leonarda hakujibu. Neno hilo lilikuwa lake, neno la anayebaki, na mwanawe alikuwa amelisema bila hata kujua.

"Mama? Mbona kimya?"

"Nimekusikia, mwanangu," alisema, akakata simu.

Alhamisi alikwenda hivyohivyo, na gauni lake la kanisani, amepakiwa na Elpidio kwenye pikipiki. Ndege ikatua. Wakashuka mafundi wawili, mtawa, na mama mwenye sanduku la vifaranga. Mlango ukafungwa.

"Labda ya kesho," alisema Elpidio.

"Haji. Aliniaga jana. Aliniambia Mungu aende nawe."

Elpidio alikuwa mtu wa palepale, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alivua kofia yake akaishika mkononi.

Siku tatu Leonarda alimchukia bibi yule wa Taiwan. Alimwonea wivu, wivu mbaya, wa mtu aliyeporwa. Halafu akamkumbuka mama mkwe wake, aliyelala miaka sita katika chumba cha nyuma cha nyumba hii ya mawe, na Norina mdogo akipita na beseni la maji bila kumwaga hata tone. Nani alimfundisha kwamba mgonjwa haachwi peke yake? Ni yeye Leonarda mwenyewe, tena kwa ukali.

Jumapili Norina alipiga akilia. "Nisamehe, Mama. Nilishika begi, nikafika mlangoni. Akaniita kwa jina la binti yake."

"Amekula?"

"Nani?"

"Huyo bibi."

"Amekula uji kidogo."

"Mgeuze kila baada ya saa mbili, asitoke vidonda."

"Najua, Mama."

"Najua unajua."

Redio ilikuwa imesema kuwa hata simu huenda zikakatika wiki hiyo. Norina akaanza, "Mungu a..." na hapohapo akakwama. Hakujua tena aseme lipi. Leonarda aliisikia pumzi yake ikipanda na kushuka, akaona mtoto wake asiteswe na neno.

"Mungu abaki nawe, mwanangu," alisema, yeye ambaye hakuwahi kuondoka.

"Mungu aende nawe, Mama."

Leonarda akaiweka simu mezani. Alikuwa amekaa palepale alipokaa miaka yote, na kwa mara ya kwanza hakuwa akimngoja mtu.