Dungu Lililoshuka Bondeni

Hapana, si upepo. Upepo wa kule tunaujua. Unatoka kaskazini-magharibi, na ukikuta dungu halijafungwa unalilaza chini kifudifudi, basi, kazi yake imeisha. Hauwezi kulichukua limesimama wima na ngazi yake, ukalishusha kilima, ukalivusha kijito, ukalisimamisha tena bondeni bila kupasua hata kioo. Lile lilitembea. Lakini ngoja nianzie dukani, maana nikianzia kwenye kutembea utadhani wale watu hawakujua kufunga dungu. Walijua.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, na Ardis Kozelka alikuwa kwenye uwanja wa muuza madungu, pale nyuma ya kiwanda cha jibini. Sasa, dungu la kule Wisconsin si la kufukuzia ndege shambani. Ni kibanda kama sanduku, juu ya miguu minne, kina madirisha pande zote. Mtu anakaa ndani na bunduki yake na chupa ya kahawa, anangoja kulungu apite. Ardis alikuwa anapanda ngazi hii anashuka, anapanda ile anashuka. Bintiye Corinne alikuwa chini anakula aiskrimu.

"Hili la mbao linalia," Ardis alisema kutoka juu.

"Linalia wapi?" muuzaji akauliza.

"Sakafuni. Nikihamisha mguu tu, linalia."

"Tandika zulia, mama."

"Zulia nitatandika. Lakini nikitandika juu ya kilio, kilio si kitabaki pale pale? Kulungu yule ana masikio, kaka. Yale si mapambo."

Muuzaji akacheka, akampeleka kwenye la faibaglasi. Hilo halikulia. Madirisha yake yalifunguka kwa ndani, polepole, bila kugonga. Miguu ilikuwa ya chuma, na kiti kilizunguka kimya kama kichwa cha bundi. Ardis alikaa ndani muda mrefu mpaka Corinne akamaliza aiskrimu.

"Lipo refu zaidi ya hili?" akauliza.

"Hilo lina futi kumi, mama. Refu zaidi la nini? Unamtafuta kulungu ama malaika?"

Ardis akashuka, akahesabu pesa. Alitaka refu kwa sababu risasi ya mtu aliye juu inashuka, na isipompata mnyama inaingia ardhini. Risasi ya mtu aliyekaa chini inakwenda sambamba na ardhi, na inaendelea kwenda mpaka imkute mtu. Mumewe, Wendell, ilimkuta. Corinne alikuwa bado hajaanza shule. Siku ya kwanza ya msimu wa kulungu, Wendell alianguka kwenye bonde lile lenye vichaka, ndani ya kizibao chake cha rangi ya machungwa, kile wanachovaa wawindaji ili waonekane. Ami yake, mzee Verlin, akasema risasi ilitoka barabarani, ni wale watu wa mjini wanaopiga kutoka kwenye magari. Sherifu akaja, akanywa kahawa, akasema ndiyo, itakuwa watu wa mjini. Ikawa hivyo.

Verlin ndiye mwenye ardhi. Msitu wake, kambi yake, ile nyumba ya magogo wanamokutana kuwinda kila mwezi wa kumi na moja. Ndiye aliyemlea Wendell baba yake alipokufa, na siku ya mazishi alishika jeneza mbele kabisa, hakutaka kupokewa. Mtu wa watu. Ukikwama kwenye theluji, trekta la kwanza kufika ni lake.

Basi, dungu likaletwa mapema vile, kabla majani hayajageuka, ili kulungu walizoee. Ukiliweka siku moja kabla, watalizunguka kama watu wanavyomzunguka mgeni kanisani. Verlin akaja kutazama, mikono mifukoni.

"Ardis, mwanangu, umeniletea mimbari," akasema. "Huyu binti anakwenda kuwinda ama kuhubiri?"

"Wakija kusikiliza, Ami, tutawapiga wakiwa wameinamisha vichwa," Corinne akasema.

Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Waliliweka juu kilimani, penye mialoni, maana kulungu hufuata matunda ya mwaloni. Corinne akapeperusha pamba ya magugu hewani kuona upepo unakwenda wapi, wakaliweka mahali ambapo harufu ya mtu inapelekwa mbali na njia ya wanyama. Wakaligeuza jua la asubuhi liwe mgongoni. Wakapima kwa pima maji, wakachimbia miguu, wakapigilia vigingi kwenye kila pembe na kuvuta waya mpaka ukiugonga kwa kidole unatoa sauti. Ardis akatandika zulia, akapaka bawaba mafuta. Kazi safi. Wakaenda kukamua ng'ombe.

Walipomaliza kukamua, dungu lilikuwa bondeni.

Lilisimama wima kwenye vichaka, pale pale alipoanguka Wendell, na vigingi vikining'inia kwenye nyaya zake. Nyuma yake kulikuwa na mashimo manne manne ya miguu, yanashuka kilima, mengine upande huu wa kijito na mengine ule. Ardis akavuta waya mmoja, akaukagua.

"Haukukatika," akasema. "Vigingi vimeng'oka."

"Vigingi vyenu vifupi," Verlin akasema. "Na hapo juu udongo ni laini. La kwangu lilifanya hivyo zamani, nikalitia zege."

Wakalivuta kwa trekta mpaka juu. Wakatia vigingi virefu. Kesho yake, wakati wa kukamua, likashuka tena. Wakatia zege, wakasubiri likauke, na lilipokauka dungu likashuka na zege lake miguuni, likitembea kwa shida kidogo, jirani mmoja alisema, kama mtu mwenye viatu vipya. Na kila likifika, dirisha lake kubwa linatazama upande ule ule, kule kwenye rundo la mawe mpakani mwa shamba.

"Basi liacheni," Corinne akasema. "Labda limeona kulungu ambao sisi hatujawaona."

Akapanda. Ardis akabaki chini ameshika ngazi. Ilikuwa mwezi wa tisa, joto, mbu wamejaa. Corinne akakaa kule juu, na aliposhuka alikuwa na theluji mabegani.

"Mama," akasema, "barabara haionekani."

"Haionekani vipi?"

"Kilima kiko katikati. Ukiwa chini hapa, vichaka vinakuzuia, huwezi kujua. Ukiwa juu unaona. Risasi ikitoka barabarani inabidi ipite ndani ya kilima."

Ardis akampangusa theluji kwenye kola. "Unaona nini kingine?"

"Kwenye madirisha madogo naona bonde tu, na ng'ombe wetu. Kwenye lile kubwa ni mwezi wa kumi na moja. Ami yuko kwenye rundo la mawe, amekaa juu ya ndoo. Nywele zake bado nyeusi."

Ardis akapanda mwenyewe. Alikaa mpaka ile saa ambayo ng'ombe huanza kulalamika, wakalalamika, naye bado yuko juu. Aliona kulungu dume anakatiza bondeni, na nyuma yake rangi ya machungwa inatembea vichakani, polepole, Wendell na ule mwendo wake wa kuvuta mguu wa kushoto. Akamwona Verlin akiinua bunduki akiwa amekaa. Kisha akamwona akisimama, akitazama kwa muda, akiinama kuokota ganda la risasi kwenye theluji, akalitia mfukoni. Ndipo akaanza kukimbia kwenda bondeni. Mzee alikimbia kweli. Hilo Ardis alilisema kila mara baadaye, kwamba alikimbia kweli.

Alishuka, akakung'uta zulia, akaenda kukamua.

Siku ya pili Verlin akaja na kopo la grisi. Akasema anataka kuziona zile bawaba. Akapanda mwenyewe, pumzi zikimtoka. Wale wanawake wawili wakasimama chini, mmoja huku na mmoja kule, kila mmoja ameshika mguu wa dungu. Likasikika dirisha kubwa likifungwa, taratibu, kama lilivyotengenezwa. Akashuka na theluji kwenye ukingo wa kofia.

"Dirisha hilo linavuja," akasema. "Lipigieni plaiwudi."

"Linavuja nini, Ami?" Ardis akauliza.

Mzee akajifuta mikono. "Ardis. Binti yako anataka kuwinda kwenye ardhi hii ama hataki?"

"Anataka."

"Basi lipigieni plaiwudi."

Hawakulipigia. Wala hawakulivuta tena. Likabaki bondeni mpaka majani yakaanguka, na kulungu wakalizoea, wakawa wanajikuna mgongo kwenye zege.

Sasa, kuna kitu cha kambi ile unatakiwa ukijue. Mtu akifyatua risasi kwa kulungu na kulungu akaenda zake, akirudi kambini anakatwa mkia wa shati. Si adhabu, ni kicheko. Mkubwa wa kambi anachukua mkasi, anakata kile kipande cha nyuma, anakigongomea ukutani na jina lako na mwaka. Ukuta wa ile kambi umejaa vitambaa, vya miraba, vya milia. Kuna cha Wendell alipokuwa kijana, chekundu. Vya Verlin ni vingi kuliko vya mtu yeyote, na mwenyewe huvicheka. Lakini mwaka ule wa Wendell hakuna cha Verlin. Alisema hakupiga hata risasi moja. Shati lake likabaki zima.

Siku ya kwanza ya msimu, Corinne alikaa dunguni tangu alfajiri. Dume likaja upande wa dirisha dogo. Akapiga, risasi ikaingia ardhini, dume likaondoka na mkia juu. Adhuhuri wakakutana wote kambini. Shangazi Bernadine, dada yake Verlin, alikuwa ameshapika: nguruwe wa kuoka, kabichi chachu, yale madonge ya ngano ya Kibohemia, mapishi ya mababu zao wa Ulaya, makubwa kama ngumi ya mtu mzima.

"Geuka, mhubiri," Verlin akamwambia Corinne. "Waumini wamekukimbia."

Watu wakacheka. Corinne akageuka, mzee akakata, akagongomea kipande karibu na kile chekundu cha baba yake. Alikuwa bado ana nyundo mkononi Ardis alipochukua mkasi mezani.

"Na wewe geuka, Ami," akasema.

"Mimi leo sijafyatua, mwanangu. Muulize yeyote."

"Siulizi ya leo. Ya mwaka ule."

Sufuria ikasikika ikichemka.

"Mwaka ule sikupiga," Verlin akasema.

"Ulipiga. Ukaokota ganda. Sitaki sherifu, Ami, wala sitaki ardhi yako. Nataka useme mara moja tu, mtoto wake akusikie."

Mzee akamtazama Corinne, na shati lake lililokatwa. Mdomo ukafunguka kidogo. Mtu aliyekaa karibu angeweza kusema neno lilikuwa limeshafika.

"Ardis," Bernadine akasema, "nyama inapoa."

Verlin akafunga mdomo. Akaweka nyundo juu ya rafu, akanawa mikono, akaenda kwenye kiti chake cha mwisho wa meza, kile ambacho mgongo wake unakuwa dirishani. Wengine nao wakavuta viti, kwa kelele kuliko kawaida.

Hapo ndipo Bernadine alipoliona dungu uani. Lilikuwa limepanda kutoka bondeni, limesimama kando ya lori, na dirisha lake kubwa likiwa wazi linatazama ndani, kwenye meza.

"Limeleta matope mpaka mlangoni," akasema, akavuta pazia.

Ardis akaenda akalifungua pazia tena, akalifunga kamba pembeni vizuri. Akauweka mkasi karibu na sahani ya mzee. Kisha akabaki amesimama, na kwa kuwa amesimama yeye hakuna aliyegusa chakula.

"Mama, kaa," Corinne akasema kwa sauti ndogo. "Nina njaa."

Ardis akakaa.

Verlin akainamisha kichwa, akaomba baraka, ile ile ya kila mwaka, akiwataja waliotangulia kwa majina yao, na Wendell akamtaja. Dirisha la kambi lilikuwa limefungwa, lakini theluji ikaanza kumwangukia kwenye kola na mabegani, yeye peke yake. Akasema amina. Akausogeza mkasi kidogo, ipatikane nafasi ya bakuli, akamwomba Ardis ampitishie madonge. Ardis akampitishia, watu wote wakaanza kula.