Mwonja Maji

Kila asubuhi, kabla koki haijafunguliwa, wakulima kumi na wawili walimsubiri mzee mmoja aonje maji ya kisima. Walimwita Ulimi, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi. Maji yakiwa matamu, alifungua koki yakapita kwenye mipira ya kumwagilia, yakadondoka tone kwa tone kwenye mashina ya nyanya. Yakiwa na chumvi, koki haikuguswa. Siku hiyo walimwagilia kwa vikombe maji ya mvua waliyoyatunza kwenye tangi.

Kwa miaka mitatu hakuyakataa hata mara moja, akatembea kifua mbele.

Kisha majani yakaanza kuungua pembeni. Mkewe akamsihi wapeleke chupa moja ya maji mjini ikapimwe. Mzee akawa mbogo.

"Kipimo gani cha kunishinda mimi? Hilo jua tu!"

Akaamuru koki ikae wazi kutwa nzima. Wenzake walimwamini, wakatii.

Wiki hiyo binti yake, aliyeolewa mbali, akaja kuwasalimia. Hata mzigo hajautua, baba mtu huyo na kikombe.

"Kunywa, mwanangu. Maji ya kwenu haya."

Binti alipiga funda moja, akalitema nje.

"Baba, nani katia chumvi humu?"

Mzee alicheka, akaonja. Akaonja tena. "Mbona matamu?"

"Hata mimi nayaona matamu," mkewe akasema polepole.

Hapo kicheko kikamkauka. Miaka yote hiyo walikunywa maji ya kisima hichohicho, chumvi ikiongezeka kidogo kidogo, na ndimi zao zikizoea kidogo kidogo.

Alikwenda shambani mbiombio, akafunua nyasi kavu walizotandaza kwenye mashina. Udongo ulikuwa na utando mweupe wa chumvi. Akafunua tuta la pili, la tatu, la jirani. Kote kweupe. Aliona aibu.

Kesho yake asubuhi aliwakuta wenzake wamejipanga kwenye koki kama kawaida.

"Msifungue," aliwaambia. "Maji yana chumvi. Mashamba yenu nimeyaua mimi, kwa ulimi wangu huu."

Hakuna aliyemtukana. Jirani yake wa karibu akachota kikombe, akanywa chote, akafuta midomo.

"Aa, mzee, usitutie presha. Maji matamu haya!"

Akafungua koki.