Mizumori Anakimbia

Mizumori maana yake mlinzi wa maji, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Tetsuo alizaliwa na jina la Kogure, akawa kinyozi wa mjini, mtu wa mkasi na taulo la moto. Alipomwoa Chizuru alihamia kwao kijijini na kuchukua jina la ukweni, maana nyumba ile haikuwa na mtoto wa kiume. Mkwewe alipofariki mwezi wa nne, wanakijiji walimkabidhi lango la bwawa pale pale msibani. Hakuna aliyemuuliza kama kazi anaijua. Pale kijijini jina ndilo kazi: akina Kaji walikuwa wahunzi, akina Mizumori walishika lango, basi, yamekwisha. Naye kwa kuona haya akakubali.

Sasa kimbunga kilikuwa siku ya pili. Adhuhuri Tetsuo alisimama juu ya tuta la bwawa, roho mkononi, amelifungua lango mpaka mwisho, na maji bado yanapanda. Mara akaona tope likichuruzika chini ya tuta, upande wa nyumba. Hata kinyozi anajua tuta halitakiwi kuvuja.

Akampigia simu mzee Okuda, mwenyekiti wa kijiji, akamsihi awapandishe watu wote shuleni, kule mlimani. Okuda akasema ametangaza mara mbili kwa kipaza sauti na hakuna aliyetoka. Watu wako ndani wanakula tambi zao.

"Kwa nini hawatoki?"

"Watoke waende wapi na mvua hii, na Mizumori yuko langoni? Enzi za mkweo tulikuwa tunalala usingizi."

"Mzee, mimi sijui kitu. Mimi ni kinyozi."

"Acha utani, Mizumori. Jikaze."

Simu ikakatwa. Tetsuo akayatazama mapaa arobaini chini yake, la kwanza likiwa la kwake, Chizuru na binti yao wamo ndani. Wote wamekaa kwa sababu yake! Na kila akizidi kusimama pale, ndivyo watakavyozidi kukaa.

Kisha akakimbia. Alipita katikati ya kijiji akipiga mayowe, analia waziwazi, kiatu kimoja kimemvuka. Kama ilikuwa akili au woga mtupu, mwenyewe mpaka leo hana jibu. Dirisha likafunguka, mtu akasema Mizumori anakimbia, jirani akarudia hivyo hivyo, na milango yote ikafunguka. Vikongwe walibebwa mgongoni. Chizuru alitoka mbio na mtoto kifuani.

Tuta lilipasuka wakiwa kwenye ngazi za shule. Nyumba zilikwenda, hakufa mtu.

Okuda alimkuta Tetsuo ameketi sakafuni ukumbini.

"Miaka mia mbili," mzee alisema, "hajatokea Mizumori wa kukimbia."

Chizuru, mwenye jina hilo tangu kuzaliwa, ndiye aliyejibu.

"Ndiyo maana mlitoka, mzee."