Uchafu wa Shamba la Nabor

Eufrosina alipoona maji ya sufuria yamekuwa buluu, aliinua macho juu ya meko. Mahindi ya buluu kumi na mawili ya mbegu, yaliyokuwa yakining'inia kwenye moshi tangu mavuno, hayakuwepo.

"Yesenia!"

Mkamwana wake, mtoto wa mjini, alikuwa na wiki tatu tu katika nyumba ile. "Si ulisema chapati za mahindi za sikukuu ziwe za buluu, mama? Nikachagua yaliyo mazuri."

"Mazuri ndiyo mbegu, mwanangu! Tunakula mabaya!"

Yesenia akaangua kilio. Eufrosina naye roho ilimuuma. Mbegu ile aliachiwa na mama yake, na mlima mzima hakubaki mwingine anayeipanda. Mvua ilikuwa mlangoni. Lakini machozi hayaoti.

"Chukua kikapu. Twende kwa Nabor."

"Yule anayetutukana?"

"Huyohuyo."

Nabor alipakana nao shamba, na kwa miaka thelathini alilalamika kwamba upepo unapeleka chavua ya mahindi yao ya buluu kwenye mahindi yake meupe na kuyatia madoa, uchafu mtupu. Walimkuta barazani akipukuchua.

"Jirani, nimekuja kuchukua uchafu wangu," Eufrosina alisema.

"Ala! Leo umekiri?" Nabor akacheka.

"Nimekiri. Mbegu yangu imepikwa yote."

Nabor aliacha kucheka. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu kilichojaa punje za buluu. Wanunuzi walikataa mahindi yenye madoa, hivyo kila mavuno alizidondoa moja moja.

"Nilikuwa nawawekea bata mzinga," alisema, haya ikimjaa usoni. "Mwaka huu sijui kwa nini sikuwapa."

Yesenia alichota kiganjani. "Lakini hizi zimechanganyika na nyeupe, mama."

"Zimechanganyika, ndiyo. Mwaka huu utavuna madoadoa, uchague zilizokolea, uzipande. Mwaka wa pili hivyohivyo. Miaka michache tu, buluu itarudi kama ilivyokuwa."

"Nichague mimi?"

"Wewe hutaipika mbegu tena, nakujua. Nani mwingine nimwachie?"

Yesenia akapangusa macho, akakikumbatia kibuyu. Walipofika uani Nabor aliwaita.

"Eufrosina! Mnapanda wapi?"

"Kule juu, mbali nawe. Upumzike na madoa."

"Achana na kule juu," mzee akafoka. "Pandeni palepale mpakani. Siku mkiipika mbegu tena, mje kwangu."