Kola ya Tatu

Kola ya tatu ilikuwa imenyooka zamani, lakini Dada aliipitishia pasi tena, kisha tena. Nguo zikiisha, hana sababu ya kukaa sebuleni, na mwalimu wa Kiingereza wa binti wa nyumba ile ndiyo kwanza anafungua daftari.

Wote mle ndani alimofanya kazi walimwita Dada, hata mama mwenye nyumba aliyemzidi miaka ishirini. Shangazi yake alikuwa amemwombea nafasi ya udobi hotelini. Usaili Ijumaa, kwa Kiingereza. Kiingereza chake kiliishia darasa la saba, tena kimeisha soli kama kandambili kuukuu. Ruhusa alipanga kuiomba jioni hii, mama akiwa ameshiba.

"'Job' na 'work'," mwalimu akasema. "Tofauti yake?"

Binti alitafuna kalamu. "Si zote kazi tu, Ticha?"

"'Job' ni ile uliyoajiriwa. Unaihesabu: moja, mbili. 'Work' ni kule kufanya kwenyewe, haihesabiki. Nipe mfano."

Pasi ikapumua mvuke.

"Mimi job yangu moja," Dada akajikuta anasema, "work ndiyo haina idadi."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Umeona? Dada kaipata!"

Binti naye akacheka. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai, hakucheka.

"Kumbe pasi yangu imeota masikio."

"Samahani, mama. Imenitoka tu."

"Haikukutoka, mwanangu. Umeihifadhi." Akanywa chai, taratibu. "Mtu hajifunzi kuogelea bila kuwa na mto wa kuvuka. Kuanzia leo utapigia pasi stoo."

"Mama, nilikuwa naomba, Ijumaa..."

"Ijumaa tuna wageni. Mapazia yote yafuliwe."

Stoo ilikuwa na dirisha moja la nondo, lililotazama ukuta. Sauti ya mwalimu haikufika huko. Dada alitandika foronya mezani, akachovya kidole kwenye bakuli la maji ya kunyunyizia, akaandika neno la kwanza. Chini yake la pili. Akayasoma kwa midomo, bila sauti.

Kisha akapitisha pasi. Maneno yakapanda kama mvuke, yakagusa nondo, na foronya ikabaki nyeupe.

Akachovya kidole tena.