Kona za Shuka

Mtu aliyefanya kazi hotelini miaka ishirini na sita haingii chumbani hivi hivi. Anagonga mara tatu, anasema "Usafi!", anahesabu kimoyomoyo hadi kumi, ndipo anafungua mlango. Bi Kona alikuwa amezoea hivyo mpaka basi. Hata kwake mwenyewe, ghorofa ya tatu mlango wa kushoto, hakuweza kuingia chumba cha kulala bila kugonga. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye waliishi pamoja, hakuwahi kuiacha nafasi hiyo impite. Akisikia tu ko, ko, ko, anasimamisha cherehani chake na kupaza sauti: "Mgeni bado amelala! Rudi saa nne!"

Na walicheka kila mara, kana kwamba utani wenyewe umezaliwa siku hiyo.

Jina la Bi Kona alipewa na wenzake kazini. Katika hoteli ile kubwa hapakuwa na mtu aliyetandika shuka kama yeye: kona zimekunjwa, zimebanwa chini ya godoro, zimekaza barabara. Wasichana wapya wote walipitia mikononi mwake. "Mgeni haangalii kona," alikuwa akiwaambia, "lakini akilala tu, anajua kama aliyetandika alikuwa na haraka."

Kisha wageni wakabadilika tabia. Si kwamba waliacha kuja, la hasha! Walikuja kuliko zamani, na kila asubuhi redio ilitangaza kwa mbwembwe jinsi mji unavyong'ara. Ila wale wa zamani walikuja kwa mabasi, wakakaa hotelini wiki nzima, wakawajua wahudumu mmoja mmoja. Hawa wa sasa walishuka kwenye ndege za bei poa, wakakaa siku mbili, wakaondoka. Hoteli hawakuitaka. Walitaka, eti, kuishi kama wenyeji! Basi nyumba za wenyeji zikaanza kupangishwa kwa siku, moja baada ya nyingine, na wenyeji wenyewe wakaenda wanakokujua wao.

Mtaani kwa Bi Kona fundi viatu aliondoka, kibanda chake kikawa mahali pa kuhifadhia mabegi. Duka la madaftari likageuka mkahawa wenye viti vidogo visivyokalika. Ngazi za jengo zilishinda zikinguruma magurudumu ya masanduku, na watu usiowajua wakikutabasamia mlangoni kwako kana kwamba mgeni ni wewe. Ukweli usemwe, vijana wengi walipata vibarua, na hakuna aliyewaonea kijicho. Lakini hotelini walifunga ghorofa ya sita, kisha ya tano, kisha ya nne. Shuka za ghorofa hizo waligawiwa wafanyakazi, na Bi Kona akarudi nyumbani na jozi nne, nyeupe pe, akazifungia kabatini.

Hapo ndipo mwenye nyumba alipopiga simu. Yule mzee wa awali alikwishafariki. Huyu alikuwa mwanawe, kijana aliyekulia kwenye ngazi zile zile, ambaye Bi Kona alimpangusa makamasi si mara moja wala mbili.

"Shikamoo Mama. Mkataba wenu unaisha mwezi huu. Nitapita Jumamosi niiangalie nyumba, halafu tuongee."

Miaka ishirini na miwili Bi Kona alikuwa ameishi mle. Mumewe alikata roho mle, kwenye kitanda kile kile alichokuwa akilalia. Na nyumba nyingine katika mji ule, kwa mtu wa mshahara wake, ungetafuta mpaka viatu viishe soli.

"Wifi, tukitolewa hapa tunakwenda wapi?" aliuliza.

"Nani akutoe? Mtoto tumemlea wenyewe. Anakuja kuangalia mabomba, basi."

"Na akikuta pachafu? Aseme hatuitunzi nyumba yake? Thubutu!"

Mwingine angefagia, angepiga deki, angetenga chai, yakaisha. Bi Kona alijua namna moja tu ya kuandaa chumba kinachokuja kukaguliwa, na hiyo ndiyo aliyoifanya. Aliomba ruhusa kazini Ijumaa. Alisugua vioo vya madirisha kwa magazeti. Alibandua kalenda, akashusha picha za ukoo ukutani, akaziba matundu ya misumari kwa dawa ya meno. Sufuria zilizoungua zikaingia chini ya kitanda. Cherehani, vitambaa vya sare za shule na kikapu cha nyuzi vikapelekwa kwa jirani. Halafu akatoa shuka nyeupe, akatandika vitanda vyote viwili kwa kona zake, akakunja taulo tatu tatu, na juu ya kila rundo akaweka sabuni mpya ambayo haijafunguliwa.

Wifi alirudi kutoka sokoni, akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Ala! Na mimi nikitaka kulala lazima nijiandikishe mapokezi?"

"Kaa kwenye kiti. Kitanda usikiguse mpaka kesho."

"Wifi, hii nyumba haina watu."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema Bi Kona, naye alisema kwa fahari.

Jumamosi kijana alikuja, akavua viatu mwenyewe bila kuambiwa. Alitembea chumba hadi chumba. Aligusa shuka kwa ncha za vidole. Mwishowe akageuka: "Mama, sikujua nyumba hii inaweza kuwa hivi."

Bi Kona nusura atoe kigelegele. Kijana akaomba apige picha, amwonyeshe dada yake aliyeko ng'ambo, kwa kuwa jengo walirithi pamoja. "Piga, mwanangu, piga!" Na hakuishia hapo. Alivuta pazia mwanga uingie kutoka upande, akasogeza kiti kilichoziba mlango, akampa kijana glasi ya maji. Alijua chumba kinavyopendeza kikionwa kutoka pembeni, kwa hiyo akamwambia asimame pale, karibu na kabati.

Barua ilikuja siku ya kumi. Mkataba hautaendelea. Wana miezi miwili ya kuhama.

Bi Kona aliisoma mara tatu, akamfuata kijana ofisini kwake, barua mkononi. Hakuketi. "Nimekukosea nini? Kuna kitu nimevunja? Nyumba si umeikuta safi?"

Kijana aliinamisha kichwa. Wala hakuwa mbaya, na heri angekuwa mbaya, mtu akamchukia akatua mzigo. "Mama, nitakwambia kweli. Nilikuja pale niwaandikie mkataba mpya. Dada ndiye aliyekuwa anataka nyumba zote ziwe za wageni, lakini hiyo yenu alikuwa ameshaisamehe. Alisema imechakaa, hakuna mgeni atakayeilala. Halafu nikamtumia zile picha."

Bi Kona aliikunja barua, akatoka. Njiani kurudi alipita mitaa mitatu bila kujua anakwenda wapi, watalii wakimpisha na masanduku yao. Wifi alipofungua mlango na kuuona ule uso, alimvutia kiti. Alisikiliza yote mpaka mwisho.

"Ni mikono yangu," Bi Kona alisema, akiitazama. "Wifi, nimetutoa kwa mikono yangu mwenyewe." Kisha akalia kwa sauti, kama alivyolia siku ya msiba, na wifi yake akamshika mabega mpaka akanyamaza.

Walihamia chumba kimoja pembezoni mwa mji, mabasi mawili kutoka katikati; vitanda waliviacha kule kule, havikuenea. Cherehani kililala chini ya meza, kwani wateja wa sare walibaki kule kule. Mwezi wa tatu tangu wahame, hoteli nayo ikafunga milango yote. Na wiki hiyo hiyo simu ikaita.

"Shikamoo Mama. Wanaotufanyia usafi wanalipua tu. Wageni wanalalamika. Wanasema picha ni nzuri, ila wakifika vitanda si vile. Mkono wako hauna mfano, Mama. Siwezi kukuficha, ni pale pale palipokuwa kwenu."

Alimkatia simu. Siku ya pili yake akampigia mwenyewe, kwa sababu unga ulikuwa umebaki wa siku mbili.

"Nenda," alisema wifi yake, akimfunga kitambaa kichwani. "Lakini ukawatandikie hovyo! Walale mashuka yakiwakimbia, wajue."

"Nitawatandikia hovyo," Bi Kona aliapa.

Alifika saa tano, wageni wameshaondoka. Mlango ule ule wa kushoto, ila badala ya kitasa chake cha zamani kulikuwa na vitufe vya namba. Ndani walipaka rangi nyeupe. Ukutani, pale ilipokuwa picha ya harusi yake, walitundika picha ya mlango wa mbao wa nyumba nyingine kabisa. Kitanda hawakukibadilisha. Alipiga deki, akaosha vikombe, akabadilisha shuka, akafanya kama alivyoapa: akazitupia tu, kona akazisokomeza kwa ngumi. Akatoka, mlango ukajifunga nyuma yake.

Alishuka ngazi kumi na moja. Mikono ilikuwa ikimwasha. Kwenye ngazi ya kumi na mbili alisimama, akashika ukuta, akamwaza mtu asiyemjua akijigeuza usiku kucha katika kitanda alichofia mumewe. Akapanda tena.

Ndani hamkuwa na mtu, na alilijua hilo. Lakini mkono uliinuka wenyewe, ukagonga mara tatu.

"Usafi!"

Akaanza kuhesabu. Alipofika saba alijikuta amesogeza sikio kwenye mbao, anasubiri cherehani kinyamaze na mtu apaze sauti. Alimaliza kumi, akaongeza nyingine kumi. Hakuna aliyemwambia kwamba mgeni bado amelala. Basi akabonyeza namba zao, akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akaikaza ile kona.